Sura ya Mwisho Haisomwi Peke Yako

Katika kikundi cha usomaji cha akina Neziha mjini Sfax, sura ya mwisho ya kitabu haikusomwa na mtu peke yake. Kila mmoja aliibana kwa kibanio cha nguo, akangoja siku ya kikao, mwenye zamu awasomee wenzake kwa sauti. Aliyechungulia alitozwa sahani ya makrudhi, vile vileja vya tende, tena vya mkono wake, si vya dukani. Korona ilipowafungia majumbani, vikao vilihamia kwenye simu, vibanio vikabaki palepale.

Alasiri hiyo nyuso nne zilitokea kwenye kioo cha simu. Zamu ilikuwa ya Neziha. Walikuwapo Essia mfamasia na Zeineb mshonaji. Wa nne alikuwa Dalenda, mwalimu mstaafu aliyekianzisha kikundi, amelala hospitalini, barakoa ya oksijeni imemmeza nusu ya uso. Muuguzi alimshikia simu.

"Zeineb," akasema Dalenda, pumzi zikimkatika, "hicho kichwa kina ugomvi na kitana?"

"Msusi kafungiwa kwake, nami kwangu. Pona upesi uje unisuke wewe."

"Basi utangoja sana, shoga. Kesho wananilaza usingizi, waniwekee bomba la kupumulia. Wengine huamka." Akapumzika kidogo. "Someni. Siendi huko bila kujua kama Hnia alimpata kaka yake."

Neziha akang'oa kibanio. Hnia wa riwaya ile alikuwa amezunguka miji yote ya migodi akimtafuta kaka yake, na sasa ameketi stesheni na homa kali, akisubiri treni. Neziha akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Alipofunua wa tatu, jicho likautangulia ulimi: Hnia amekufa kwenye benchi, na treni haijafika.

Laiti angechungulia! Angejua mapema, angesingizia hata umeme kukatika. Sasa Dalenda alikuwa anamtazama, anasubiri.

"Treni ikaingia," akasema Neziha, macho kwenye karatasi isiyosema hivyo. "Kaka yake akashuka. Akamwona, akamkimbilia..."

Essia na Zeineb, kila mmoja na kitabu chake wazi mbele yake, waliinamisha macho, kisha wakayainua. Zeineb akajiziba mdomo.

"...akamkumbatia, na furaha isiyo kifani ikaijaza mioyo yao."

"Hebu simama hapo," akasema Dalenda. "Furaha gani?"

"Isiyo kifani."

"Mwandishi huyu kanitesa kitabu kizima, hajaniandikia upuuzi kama huo hata mara moja. Neziha, nimesahihisha insha za watoto tangu ujana wangu. Mtoto anayebuni namjua tangu mstari wa kwanza. Nisomee kilichoandikwa."

"Dada Dalenda, nakuomba."

"Mimi ndiye ninayeomba. Mjue nyinyi nyote, nisijue mimi tu? Ndivyo tulivyokubaliana?"

Neziha akarudi juu ya ukurasa. Akasoma jinsi Hnia alivyomuuliza mfagiaji kuhusu treni, naye akamjibu iko njiani. Akasoma jinsi alivyoegemeza kichwa ukutani. Mara mbili sauti ilimgoma, na mara zote mbili Dalenda alimngojea. Mfagiaji alipofika kwenye benchi lile, alifagia kwa upole kulizunguka, akidhani abiria kapitiwa na usingizi. Kitabu kikaishia hapo.

Zeineb alikuwa akilia bila kujificha. Dalenda alikuwa amefumba macho.

"Dada?"

"Nipo. Nafikiri." Barakoa ikaingia ukungu, ikatakata, ikaingia ukungu tena. "Kaandika vizuri. Ila kafanya haraka. Angempa kurasa mbili zaidi."

"Mama, tuwaage sasa, unachoka," sauti ya muuguzi ikasikika.

Dalenda akainua vidole. Kioo kikaonyesha dari, kisha hakikuonyesha kitu. Wakabaki watatu, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kukata simu.

"Ningejua kubuni," akasema Neziha, "ningemdanganya vizuri zaidi."

"Asingekubali," akasema Essia.