Chota Kidogo, Pumua

Wewe uliwaona. Usiniambie hukuwaona. Gari lako lilipita barabara ya Bagamoyo, wanawake wa Mlingotini wamejipanga ukingoni na madebe matupu, nawe ukageuza uso ukatazama minazi upande wa pili. Minazi ina nini cha kutazamwa? Leo tazama huku, maana jambo lenyewe halijaisha.

Mwaka wa sabini na tatu tulikuwa na kisima kimoja cha maji matamu pale Mlingotini, kifupi, cha mawe, kazi ya mababu. Wakati wa kiangazi hakikututosha. Mradi wa visima ukatuahidi kingine, kirefu, chenye pampu. Kina chake hakikuamuliwa na mtu. Kiliamuliwa na kompyuta ya mradi huko Dar es Salaam, kwa programu iliyotoka ng'ambo. Programu ni maagizo tu, yametobolewa kwenye kadi, na mashine inayafuata kama karani asiyeuliza swali.

Mtaa mmoja na mradi kulikuwa na ofisi ya utafiti iliyopewa programu hiyohiyo. Huko alifanya kazi Tarcis, kijana wa Kiwangwa. Siku moja alikuja kwetu kupima maji, akafikia kwa shangazi yangu Biubwa, aliyekuwa akifundisha watoto Kurani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Yanywe kwanza, ndipo uyapime. Usije ukayapima ukayaogopa."

Akanywa, akatueleza. Programu ile iliandikwa kwa nchi iliyo mbali na bahari. Maji yakipungua, inaamuru kushuka zaidi. Huku pwani maji matamu yamelala juu ya maji ya chumvi. Ukishuka sana na kuvuta kwa nguvu, chumvi inapanda, inaharibu na visima vya jirani.

"Nimeibadili," akasema. "Nimeongeza kadi zangu. Sasa inakataa kwenda chini."

"Alhamdulillahi. Si uwapelekee hao wenye mtambo wa kuchimba?"

"Siruhusiwi. Ofisi ilitia saini. Tunaweza kuibadili kwa matumizi yetu wenyewe, lakini iliyobadilishwa hatuwezi kumpa mtu mwingine, kwa namna yoyote."

"Na nyinyi mnachimba visima?"

"Hatuchimbi, bibi. Tunatafiti."

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mpishi gani wewe! Kukoroga ruhusa, kupakua marufuku!"

"Na mradi wakiibadili wenyewe?" nikauliza mimi.

"Wao ruhusa, ilimradi wafikirie wenyewe. Lakini hawajui la kubadili."

Nami nilikuwa na hasira tayari. Tumezoea kupewa vitu vya watu pamoja na masharti yake: mbegu, mashine za mkonge, hata dua. Nikataka twende tukaizibe barabara. Shangazi akanikataza. "Kadi zako kaa nazo," akamwambia Tarcis. "Mimi niambie tu kwa maneno, taratibu."

Akamwambia. Kufikia Alhamisi alikuwa ameshatunga utenzi, na wanawake wanauimba kisimani:

*Pwani ikiwa jirani*
*usiende chini chini*
*utamu hauko ndani*
*chota kidogo, pumua.*

Tukaenda Dar es Salaam, mimi na yeye, kwa mkuu wa mradi, Bwana Alawi, mtu wa Pangani, wa nyumba ya watu wanaojua tenzi. Shangazi akakaa kitini, akaghani. Alawi akaacha kalamu. Nilimwona anaanza kuelewa. Uso ukamfunguka, akasema polepole, kama anayejisemea, "Kumbe tunashuka mno..." Wallahi, pale tulikuwa tumeshashinda.

Lakini utenzi hauishi bila kumtaja mtunzi wake. Hivyo ndivyo shangazi alivyofundishwa. Maneno yalikuwa yake, lakini wazo lilikuwa la Tarcis, na yeye hakuwa mtu wa kumdhulumu mtu haki yake. Akamalizia:

*Mtunzi ninamtaja*
*Tarisisi alokuja*
*na mashine yenye hoja*
*Kiwangwa alikokua.*

Alawi akanyanyuka. "Tarcis yupi? Wa ofisi ile ya utafiti?"

"Huyohuyo. Kijana mstaarabu sana."

"Mama, umeniua." Akamtazama karani wake pembeni. "Usingemtaja, ningesema nimefikiri mwenyewe. Sasa nimejua wazo lilikotoka. Nikilitumia, wenye programu wataichukua programu pamoja na mashine yao, na mradi wote utakufa."

"Basi sahau jina," nikamwambia kwa ukali. "Kwani ni jina la baba yako?"

"Karani wangu amesikia. Chumba kizima kimesikia."

Shangazi alibaki kitini, ushungi umemwanguka mabegani. Hakuupandisha.

Tarcis alifukuzwa. Kadi zake zilichomwa. Mtambo ukaja Mlingotini, ukashuka, ukashuka tena. Watu walipiga vigelegele pampu ilipotema maji, maana yalikuwa matamu. Hayakukaa matamu. Halafu kisima cha mawe nacho kikaingia chumvi, kile cha mababu, na hakuna programu wala dua iliyokirudisha. Shangazi aliteka ndoo, akaonja, akaimwaga mchangani. Tangu hapo hajaghani tena. Watoto wa chuo cha Kurani anawasomesha kwa kunong'ona.

Tulikwenda kwa kila mkubwa. Kila mmoja alikubali kwamba tumeonewa, kisha akatuonyesha mkataba. Tarcis analima mananasi kwao Kiwangwa na hataki kutuona. Jina lake nimelitaja kwa sababu hawana tena cha kumnyang'anya.

Na mtambo haukulala. Umepita Bagamoyo, unakwenda kaskazini, kijiji kwa kijiji, na kadi zilezile. Sitarajii mengi. Waliotutazama wote waligeuza uso, na sijui kwa nini wewe uwe tofauti.

Lakini sasa umeshausoma ubeti ule, na kichwani mwako hakuna saini. Inuka. Usingoje mkutano. Nenda kijiji kinachofuata kabla mtambo haujafika, wafundishe wanawake kisimani, msimame nao mbele ya magurudumu muughani mpaka dereva azime injini. Ubeti wa kwanza tu. Wakikuuliza nani katunga, sema hujui.