Mama Hakutaka Tushike Tama

Mama hakupenda mtu ashike tama nyumbani kwake. Ukiegemeza tu shavu kiganjani, anakuja anautoa mkono wako taratibu, kidole kwa kidole, huku anauliza, “Unamlilia nani, na sote tupo?”

Baba ni mchoraji wa kuta za makanisa. Huniambia kwenye picha mikono ndiyo inayosema, maana midomo imefumbwa: kiganja kilichoinuliwa kinabariki, viganja vilivyopishana kifuani vinakubali, mkono shavuni unaomboleza. Shule niliiachia darasa la tano, lakini picha nazisoma.

Safari hii alikuwa anamchora Mariamu chini ya msalaba. Mama ndiye aliyekaa kitini achorwe uso, akitutania kwamba sasa hata paroko atamwinamia. Uso ukaisha. Baba alipomwomba ashike tama, akakataa katakata. Wiki ya pili akaugua, na hakuinuka tena.

Baada ya mazishi baba alimchora yule mwanafunzi kijana wa Bwana kando ya Mariamu, ameshika tama. Lakini mkono wa Mariamu ukabaki plasta tupu. Kila alipoupeleka shavuni aliufuta, akasema anamsingizia marehemu. Paroko alivumilia weee, mwisho akasema Jumatatu anakuja fundi mwingine, atalifuta umbo zima na kulichora upya, pamoja na uso.

Jumamosi tulishinda kanisani. Rangi aliyoichanganya baba ikakauka kibaoni bila kuguswa. Akaketi juu ya ndoo aliyoipindua, akashika tama. Mimi si msemaji, hata salamu hunikwama kooni. Nikaweka chini brashi niliyokuwa naosha, nikamwendea, nikaanza kumtoa mkono shavuni, kidole kwa kidole.

Akavitazama vidole vyangu muda mrefu.

“Mwanangu, kaa hivyo hivyo,” akasema, akateleza kutoka chini ya mkono wangu, akashika brashi.

Sasa Mariamu yule haombolezi. Amenyoosha mkono kwenye shavu la mwanafunzi, anamtoa vidole shavuni, kimoja kimoja. Jumatatu paroko akamrudisha yule fundi alikotoka, ila akauliza ishara hiyo maana yake nini, hajaiona kwenye picha yoyote. Baba akamwambia aniulize mimi. Nikachukua brashi, nikaenda kuziosha.

Nilipofika nyumbani nilikaa kwenye kiti cha mama, nikashika tama mpaka kiganja kikafa ganzi. Hakuna aliyekuja kuutoa mkono.