Wimbo wa Bwana Nakuja

Bendi yetu ya roki ilikuwa na sheria moja ya kipuuzi, na niliitunga mimi, mpiga dramu, kwa hiyo lawama ni zangu. Aliyechelewa kufika studio alibandikwa wimbo mbovu kuliko zote za siku hiyo: jina lake ndilo lililoandikwa kwenye jalada la santuri kuwa mtunzi. Tuliona ni adhabu tosha. Tulikuwa vijana, na akili zetu zilikuwa likizo.

Mpiga kinanda tulimwita Bwana Nakuja, maana ndilo jibu alilotoa kila alipoulizwa yuko wapi. Siku tuliyorekodi santuri ya pili alifika wakati fundi mitambo anakunja nyaya. Wimbo mbovu siku hiyo ulikuwa wa mpiga besi: wa polepole, hauna kelele, unamhusu mama anayeshona nguo za watu dirishani alfajiri huku mwanawe anajifanya amelala. Mpiga besi mwenyewe aliuonea haya. Aliniomba tu dramu niipige kama mguu wa mama yake unavyokanyaga cherehani, nami nikafanya hivyo shingo upande. Tukauandika kwa jina la Bwana Nakuja, tukacheka hadi mbavu zikauma.

Nyimbo tulizojivunia hakuna anayezikumbuka. Huo ndio uliotutoa. Redio ziliupiga asubuhi na jioni, watu wakaoana nao, wakazikana nao. Waandishi walimuuliza Bwana Nakuja aliutungaje. Mara ya kwanza alibabaika, mara ya pili akapata cha kusema, na kufikia mara ya kumi mama yake mzazi, mwalimu wa hesabu, alikuwa keshageuka fundi cherehani. Mpiga besi alinyamaza. Nilidhani hajali. Nilikosea, na kosa hilo linaniuma kuliko lile la sheria.

Mama wa mpiga besi alikuwa akiusikia wimbo huo redioni na kumwambia, "Umeona mwenzio alivyomwimbia mama yake? Wewe kazi yako kunguruma tu huko nyuma." Siku moja mpiga besi akajikaza, akamwambia ukweli. Mama akamkemea: "Wivu haufai, mwanangu." Hakurudia tena.

Miaka arobaini ikapita. Mama akawa hajiwezi, yu kitandani, na mpiga besi akaja mazoezini bila gitaa lake. Hakufoka.

"Mama anaondoka," alimwambia Bwana Nakuja. "Jina kaa nalo, silitaki. Nenda tu ukamwambie yeye."

Bwana Nakuja alichukua kofia yake. Siku hiyo alitutangulia kufika, na hilo halikuwa limewahi kutokea.

Chumba kilikuwa kidogo, cherehani imefunikwa shuka pembeni. Bwana Nakuja alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, ule wimbo si wangu. Ni wa mwanao. Yule mama wa dirishani ni wewe."

Mama alimtazama sana, kisha akampapasa shavu. "Una moyo mzuri, baba. Kakutuma, eh?"

"Hapana, mama, kweli tupu. Muulize huyu mpiga dramu."

Nikaapa. Nikamweleza sheria yetu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kadiri nilivyoieleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Alinisikiliza akitabasamu, kama mtu anayesikiliza watoto wakimtetea mwenzao.

"Haya, nimewasikia," alisema. "Mnampenda mwanangu, nashukuru. Sasa niimbieni, nataka kulala."

Bwana Nakuja hakuwahi kuyashika maneno ya wimbo huo. Mwimbaji wetu ndiye aliyeuimba miaka yote; huyu alikuwa mtu wa kinanda. Mpiga besi akaanza, chini chini, sauti inakwaruza. Hakumaliza mstari wa kwanza. Mama aliinua mkono.

"Wewe nyamaza kidogo, mwanangu," alisema kwa upole. "Mwache mwenyewe aimbe."

Bwana Nakuja akaimba, na mpiga besi, ameinama nyuma yake, akawa anamnong'oneza maneno.