Taa Iliyocheza Juu ya Bomba la Boila

Baba yangu alikuwa mlinzi wa kiwanda cha dobi, na mimi nilikuwa mpiga pasi humo humo. Wenzangu waliniita Pasi Baridi kwa sababu ya ukimya wangu. Baba hakuwa na jina la utani mpaka siku alipoiona ile taa.

Ilitokea giza lilipoanza kuingia, juu ya bomba la moshi la boila iliyochemsha maji ya kufulia. Baba alisema inatetemeka, mara nyekundu, mara kijani, mara inaruka kando. Akamwita msimamizi aje aone. Msimamizi akaja jioni iliyofuata, mawingu yametanda, akakodoa macho mpaka shingo ikamuuma. Hakuona kitu.

"Mzee," akasema, "macho yamechoka. Mlinzi asiyeona ni sawa na mlango usio na komeo. Mwisho wa mwezi tutatafuta kijana."

Tangu hapo wakasema ameona ndege ya wageni wa angani, na baba akawa Mzee Ndege. Fundi wa boila ndiye aliyeongoza kicheko. "Mzee Ndege, wageni wako wa angani hawajaleta nguo za kufuliwa?" Baba alicheka nao. Lakini nyumbani nilimkuta amefunika jicho moja kwa kiganja, anasoma maandishi ya kopo la majani ya chai, kisha anafunika la pili. Nilirudi nyuma taratibu asinione.

Nikaanza kubaki naye getini baada ya kazi. Na mimi nikaiona. Nyekundu, kijani, inarukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Basi macho yake yalikuwa mazima. Lakini nani angesadiki ushahidi wa mtoto kwa baba yake? Ilibidi nijue ni kitu gani.

Siku ya mapumziko ya kiwanda nilimpelekea baba chakula getini. Taa ilikuwa pale pale, ila imetulia tuli, nyeupe kama shati jipya.

"Leo imechoka kucheza," baba akasema.

Nikalitazama bomba. Boila ilikuwa baridi, haikuwashwa siku hiyo.

Kesho yake, kazini, niliinua pasi nikaona jambo ambalo nilikuwa naliona kila siku bila kulitazama. Mbele yangu lilitundikwa shati la mistari. Nikilitazama kupitia hewa iliyo juu ya pasi ya moto, mistari inapinda na kutetemeka. Nikiondoa pasi, imenyooka. Nikaiweka pasi chini.

Nilikwenda hadi mlango wa msimamizi, nikarudi. Nikaenda tena.

"Unataka nini, Pasi Baridi?"

"Naomba uje getini jioni, bosi."

"Na wewe umeanza kuona ndege?"

"Njoo tu. Usipoona kitu, mtafuteni huyo kijana wenu." Sijui maneno hayo niliyatoa wapi.

Jioni alikuja. Fundi wa boila naye akafuata, asipitwe na kicheko. Mbingu ilikuwa safi. Tuliposimama getini, kicheko kikamkauka fundi mdomoni.

"Mama yangu! Inaruka!"

"Tusogee huku," nikasema, nikawapeleka penye kamba za kuanikia, mahali ambapo bomba halikai tena chini ya ile taa. Taa ikasimama. Nyeupe. Tukarudi getini, ikacheza. Msimamizi alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, tai imemrukia begani, hana habari nayo.

"Ni joto la bomba," nikasema. "Kama hewa ya juu ya pasi. Taa haina neno, sisi ndio tunaitikisa."

Baba akajipiga paja. "Zuhura! Nyota ya jioni, naijua tangu utotoni! Kumbe mnamchezesha mtoto wa watu kwa moshi wenu!"

Msimamizi akamgeukia. "Mzee, zile rangi zote uliziona ukiwa hapa kwenye kiti?"

"Zote."

"Basi kijana wa nini tena? Kaa kwenye kiti chako."

Fundi wa boila akakuna kichwa. "Pasi Baridi, kumbe wewe..."

"Taratibu na jina hilo," baba akamkata. "Mimi niliiona tu. Aliyeijua ni mwanangu."

Asubuhi nililirudisha kopo la majani ya chai kwenye rafu yake. Nilipofika kazini, baba, ambaye zamu yake ilikwisha kitambo, bado alikuwa getini, akimwambia kila aliyeingia, hata aliyeleta shuka moja tu, kwamba yule mpiga pasi wa humo ndani ni wa kwake.