Marufuku Kupanda Miti

Siku kaka yangu alipopewa cheo cha Afisa Mandhari wa jiji, Mama alimuuliza mandhari ni kitu gani. Akajibu, "Ni kila kinachoonekana, Mama." Tangu hapo nikajua hatuna pa kujificha.

Mimi ni fundi cherehani. Ninashonea barazani, na nyumba yetu inatazama barabara iendayo kwenye bustani ya jiji, kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa. Mtaani walishambatiza kaka jina la Bwana Mandhari. Mwenyewe alidhani ni heshima.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa Matembezi ya Kujiongoza. Alitueleza wakati wa kula, kijiko kikiwa hewani. Mtu atachukua ramani, atafuata nyayo za kijani zilizochorwa njiani, atapita mitaani, bustanini na kwenye maua ya mzunguko wa magari, na kila kituo atakuta bango la kumweleza anachokitazama. Hakuna wa kumwongoza. Fundi viatu, jirani yetu, alipoisikia habari hiyo aliweka nyundo chini.

"Bila kiongozi?" akasema. "Basi safari hii tutafika."

Nyayo zikachorwa. Zilianza vizuri, lakini mbele ya duka la kinyozi ziligonga nguzo ya umeme na kuendelea upande wa pili, kana kwamba mtembezi amepenya katikati ya nguzo. Kisha yakaja mabango. La mtaani kwetu lilisimikwa chini ya mkungu mkubwa, na lilikuwa linausifu mkungu huohuo, majani yake mapana na kivuli chake. Kasoro ilikuwa moja tu, matawi yaliziba maandishi. Kaka akaja, akasimama ng'ambo ya barabara, akafumba jicho moja, akaagiza mkungu ukatwe. Sasa bango linasomeka vizuri sana. Ukilisoma saa sita mchana, jasho linakutoka huku unasoma sifa za kivuli.

Ningecheka nikaendelea kushona, lakini mkungu ule ndio uliokuwa unamtembeza Baba. Alikuwa amepata kiharusi, upande wake wa kushoto ukalegea, na daktari akamwamuru atembee kila siku. Akawa anajikongoja na fimbo mpaka kwenye mkungu, anapumzika kivulini, halafu anamalizia mpaka bustanini. Ulipokatwa alifika kwenye kisiki, akakitazama kwa muda mrefu, akarudi. Kesho yake hakutoka. Akawa analala akitazama ukuta, na daktari hakutuficha kitu.

"Asipotembea sasa," alisema, "hatatembea tena."

Mama hakulia. Alichukua jembe lake la siku zote, lile ambalo mpini wake ulipasuka na Baba akaufunga kwa waya wa shaba, akapanda miche ya milonge kandokando ya barabara kutoka mlangoni kwetu mpaka karibu na lango la bustani. Alipomaliza alimpa Baba kopo la maji.

"Mimi nimepanda," akamwambia. "Kumwagilia ni kazi yako. Ikifa, utajibu wewe."

Baba alinung'unika, akamtukana daktari, akautukana na mlonge, kisha akatoka. Siku ya kwanza alifika mche wa kwanza. Baada ya muda wapita njia walizoea kumwona na kopo lake, akienda kutoka mche hadi mche, akigombana na ule uliozubaa kuota. Yale ndiyo yalikuwa matembezi ya kujiongoza, na hayakuhitaji ramani.

Kumbe huko bustanini kijana mmoja alikuwa amekwea mti ili apige picha, tawi likakatika, akavunja mkono. Kamati ikakaa, ikala mchana, ikatoa tangazo, na kaka akalileta nyumbani kabla halijachorwa, tulione. Liliandikwa kwa herufi kubwa: MARUFUKU KUPANDA MITI.

"Kwa nini usiandike kukwea?" nikamuuliza.

"Kukwea ni neno la nyani," akasema. "Hili ni jiji."

"Lakini kupanda ni kuwili, kaka. Kuna kupanda juu na kuna kupanda mbegu."

"Wewe shona nguo, dada yangu. Lugha tuachie sisi."

Nikashona nguo. Tangazo likachorwa, likatundikwa langoni, na chini yake akawekwa askari wa jiji ambaye mtaa mzima unamwita Kanuni, kwa sababu akiambiwa asimame hapa husimama hapo hata mvua ikinyesha, na akiambiwa aingie ndani hudai kwanza kibali. Siku ya pili tu, Kanuni aligeuza shingo akamwona Mama ameinama barabarani anarudishia mche uliokuwa umekanyagwa na mbuzi.

"Mama, samahani sana," akasema. "Ni marufuku kupanda miti."

"Mwanangu, hiyo ni ya wanaoparamia."

"Haijaandikwa kuparamia, Mama. Imeandikwa kupanda. Wewe unafanya nini hapo?"

Na kweli Mama alikuwa anapanda. Kanuni akang'oa miche yote, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, akisema samahani kila anapong'oa. Jembe akalichukua kama ushahidi, akalipeleka ofisini kwa kaka. Baba alikuwa amesimama na kopo lake limejaa. Alilimwaga palepale miguuni pake, akarudi kitandani.

Jioni Mama alimwita kaka. Neno moja la kaka lingetosha, na kila mmoja wetu pale alijua hivyo. Lakini Meya alikuwa anakuja wiki ileile kuzindua matembezi, na kukiri kwamba tangazo lina kasoro, wiki hiyo, ilikuwa ni kujitia kitanzi.

"Tangazo limepita kamati, Mama. Haliwezi kuwa na makosa."

"Linakataza nini?"

"Kupanda."

"Kupanda kupi?"

Kaka aliangalia sahani yake. "Kote kuwili," akasema. "Tunalinda mandhari. Watu wakijipandia ovyo, itakuwaje? Sheria ni msumeno, Mama, hukata mbele na nyuma."

Nilitaka kumuuliza alinyonya ziwa la nani, lakini Mama alinishika mkono chini ya meza. Alinyanyua vyombo, akaenda kuosha. Nilimchukia kaka usiku ule, na sioni haya kusema hivyo.

Siku ya uzinduzi Meya alifika na msafara na king'ora. Matembezi ya kujiongoza yaliongozwa na pikipiki mbili. Alitembea vituo viwili, akapigwa picha akitazama bango linalosifu kivuli, akajifuta jasho, akarudi garini mpaka bustanini. Sisi tulikuwa tumeshafika. Baba tulimleta kwa kiti cha magurudumu tulichoazima zahanati, maana mguu ulikuwa umeshakataa. Mama alimsukuma mwenyewe, akamweka mstari wa mbele.

Kaka akashika kipaza sauti, kifua mbele. "Na sasa, Mheshimiwa ataacha kumbukumbu ya kudumu. Mheshimiwa atapanda mti!"

Makofi. Meya akaletewa mche uliofungwa utepe, na jembe lililopakwa rangi ya fedha, nalo lina utepe. Akaliinua. Hapo Kanuni akatoka langoni, akapiga saluti.

"Mheshimiwa, samahani sana. Ni marufuku kupanda miti."

Meya akamtazama Kanuni, akatazama tangazo, akamgeukia kaka. Fundi viatu, ambaye siri ya nyumbani kwetu nilishamvujishia, akasema kwa sauti, "Haya, msumeno umerudi!"

Kaka alitokwa na jasho jembamba. Akamfokea Kanuni, akasahau kwamba kipaza sauti kiko mdomoni.

"Mpumbavu wewe! Kupanda pale ni kukwea! Mtu yeyote mwenye akili timamu anajua kuwa ni kukwea! Nani amewahi kukataza watu kuotesha miti?"

Maneno yake yakaenda mpaka ng'ambo ya barabara. Mama akasimama. Hakupaza sauti, lakini palivyokuwa kimya, kila mtu alimsikia.

"Kumbe ulijua, mwanangu."

Mama akapita katikati ya wakubwa mpaka kwa Meya, akalishika lile jembe, akakwangua rangi ya mpini kwa ukucha. Chini yake ukang'aa waya wa shaba.

"Samahani, baba," akamwambia Meya. "Hili ni jembe langu. Alilifunga mume wangu, yule pale." Akalichukua taratibu, kama anavyonyang'anywa mtoto kisu, akaliweka mapajani kwa Baba, akageuza kiti. Tukaondoka. Nyuma yetu Meya alibaki na mche mkononi, kila afisa akimtazama mwenzake kujua nani ana jembe.

Kesho yake alfajiri gari la jiji lilisimama mlangoni kwetu. Kaka alishuka bila tai. Nyuma alikuwa amejaza miche ya milonge, ya kutosha barabara nzima. Mama akampa jembe. Akaanza kuvuka kuelekea mashimo ya zamani, Mama akamwita.

"Unakwenda wapi?"

"Kuirudisha yote, Mama. Mpaka langoni."

"Panda mmoja," Mama akasema, akamwonyesha mahali, hatua chache tu kutoka kizingitini. "Wa pili utaupanda siku baba yako akiufikia huo."

Akachimba, akapanda, akashindilia udongo kwa mikono. Miche mingine ikapangwa barazani, pembeni ya cherehani yangu, na ipo mpaka leo. Kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini, Bwana Mandhari hupitia hapa, husimama kando ya mche wake mmoja, akimtazama Baba anavyojaribu kunyanyuka kutoka kitini, kopo mkononi.