Ini la Nalimu

Watu wa Marodoka, kijiji cha kisiwani Nosy Be, walisema Mariyama alizaliwa na kinyaa. Yeye hakuwakatalia, maana alijivunia kinyaa chake kama wenziwe wanavyojivunia bangili. Hakunywa maji katika kikombe cha nyumba ya watu kabla ya kukinusa. Hakula wali wa mpishi ambaye hajamwona akinawa. Mtu akitema mate njiani, yeye alivuka upande wa pili na kumsema mpaka nyumbani. Na mwanamke huyo huyo, ukitaka kujua, kazi yake ilikuwa kuuza samaki katika soko la mji wa Andoany, kisu cha kuparia mkononi tangu asubuhi, magamba yamemganda hadi kwenye nyusi.

"Magamba si uchafu," aliwaambia wateja. "Samaki mwenye magamba amevaa nguo. Asiye nayo yuko uchi, na mimi sili kilicho uchi."

Hapo alikuwa hatanii tu. Bibi mzaa mama yake alikuwa Msakalava, wa kabila la pwani, na katika nyumba yao mkunga na kila samaki wa ngozi tupu ni fady, mwiko wa tangu mababu. Dini haikuukataza mkunga. Fundi Mchangama, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliwakumbusha hilo kila mwaka, nao wakamwitikia kwa adabu na kuendelea na mwiko wao. Aliyekula kitu hicho hakutia mkono katika sinia ya nyumba ile, wala hakuoa humo, mpaka aketi mkekani mbele ya wazee akiri kwa mdomo wake. Ndipo mkubwa wa nyumba humuuliza swali moja tu: ulikula kwa njaa, au kwa hamu? Wa njaa hunyunyiziwa maji papo hapo, yakaisha. Wa hamu hupewa sahani yake peke yake, akala kando kwa siku arobaini, ndipo naye anyunyiziwe.

Mwaka wa themanini na tano aliyekuwa mkubwa wa nyumba ni Koko Rahamatou, dada wa marehemu mama yake Mariyama, bibi mwembamba asiyesikia vizuri ila yale asiyopaswa kusikia. Na mwaka huo ndio Fahardine alipokuja kumposa Faouzia.

Faouzia ndiye mtoto pekee wa Mariyama, binti wa miaka kumi na tisa, na Fahardine alimpenda tangu wakiwa shule. Kijana alikuwa wa watu wa asili ya Komoro, mpole, mrefu, mwenye cheti. Serikali ilikuwa imempeleka Urusi kusomea uvuvi, kama ilivyowapeleka vijana wengi miaka ile, akakaa miaka minne katika mji wa bandari wa kaskazini uitwao Arkangelsk. Sasa alisimamia chumba cha baridi cha kuhifadhia kamba wa baharini, bandarini Andoany. Faouzia alikuwa amekwisha kumwambia mama yake kwamba akimkosa huyu hataolewa na mwingine, na Mariyama alimjua mwanawe. Hakuwa wa maneno matupu.

Kwa hiyo Jumapili ile alasiri Mariyama alipika mwenyewe. Fahardine alikuja na Athoumani, mjomba wake, na bahasha ya picha. Mazungumzo yalikwenda kwa Kimalagasi cha pwani, kama kila siku, na maneno ya Kikomoro yakitiwa ndani kwa ajili ya heshima ya wazee. Yote yalikwenda vizuri mpaka picha ya nne.

Katika picha hiyo nchi yote ilikuwa nyeupe. Fahardine alisimama katikati amevaa kofia ya manyoya, kinywa wazi kwa kicheko, na mkononi mwake, kuanzia kifundo hadi kiwiko, alikuwa amezungukwa na kitu kinene cha madoadoa, chenye kichwa bapa na sharubu moja kidevuni.

Mariyama aliiweka picha chini kwa ncha za vidole. "Nini hiki kilichokuzinga?"

"Nalimu, Mama. Samaki wa mtoni kule."

"Mkunga."

"Si mkunga, Mama. Jamaa zake wote wako baharini, yeye peke yake ndiye aliyehamia mtoni."

"Ana magamba?"

Fahardine alijikohoza. "Anayo. Ila madogo mno. Mwalimu wetu alituonyesha kwa hadubini."

"Magamba ya hadubini mimi siwezi kuyapara," alisema Mariyama, na Athoumani akacheka peke yake.

Lingeishia hapo, lakini Koko Rahamatou alitaka kusikia habari za mto uliogeuka jiwe, na kijana, kwa kuwa kila aliyerudi kutoka mbali hupenda kuulizwa, akaeleza. Alisema barafu ya mto ule ilikuwa nene kuliko urefu wa mkono, malori yakipita juu yake. Walitoboa shimo kwa keekee kubwa, wakaketi kando yake juu ya masanduku. Jua la huko wakati wa baridi huaga saa tisa alasiri, na nalimu hungoja hilo. Wakati wa joto hulala chini ya mawe. Baridi inapozidi, samaki wengine wamezubaa, yeye ndipo huamka kutafuta chakula, na chakula akipendacho ni uvundo. Chambo chao kilikuwa matumbo ya samaki yaliyowekwa kwenye kopo kando ya jiko siku tatu. Rafiki yake alilitia kopo lile ndani ya koti, kifuani, lisigande.

"Kifuani," alirudia Mariyama.

"Ndiyo, Mama. Halafu nalimu akikamata chambo, humeza ndoana mpaka tumboni. Ukimvuta juu hujizungusha mkononi namna hii, na ute wake unagandia kwenye glavu. Huyu wa kwenye picha tulipompasua tulimkuta na samaki wadogo saba na chura mmoja, nusu wameshayeyuka."

Mariyama alisogeza sahani yake mbali. Alimchukia samaki yule, na chura, na kopo, na kifua cha rafiki huyo asiyemjua. Alitazama mikono ya mkwe wake mtarajiwa na kuwaza kwamba mikono hiyo hiyo ndiyo itakayomshika Faouzia.

"Na huyo mdudu mlimfanya nini?" aliuliza Koko.

"Walimtoa ini, Koko. Ini lake ni kubwa, jeupe, linaelekea umanjano. Walilikaanga pale pale juu ya barafu, kwenye mfuniko wa bati, na chumvi na kitunguu, mpaka linaanza kukakamaa pembeni na katikati bado ni laini..."

Akameza mate.

Mariyama aliona. Kongomeo la kijana lilipanda, likashuka. Miaka mingi ya kuuza samaki ilikuwa imemfundisha kumjua mtu mwenye hamu kwa koo lake kabla hajafungua mdomo.

"Wewe ulikula," alisema.

"Sikula, Mama."

"Ulikula."

"Niliwatazama tu."

Mariyama aliinuka, akaiondoa sinia ya wageni ikiwa nusu imeliwa. "Angekula akasema, tungetandika mkeka," alimwambia Athoumani, kama vile Fahardine hayumo chumbani. "Lakini amekula na amekana, huku mkono wake umo katika sinia yangu. Mimi sina kinyaa na samaki tu. Rudini na picha zenu."

Walirudi nazo. Koko Rahamatou aliendelea kutafuna tende.

Jikoni, Mariyama alizisugua sahani kwa jivu, kila moja mara mbili, huku akilaani uwongo na walimu wa hadubini. Faouzia alisimama mlangoni. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilimtisha mama yake kuliko kilio.

"Mama," alisema, "kule Belobaka tulikula nini?"

Mariyama hakugeuka. "Kuku."

"Nilikuwa na miaka kumi. Uliniambia ni kuku, nikakubali kuwa ni kuku. Tangu hapo nimekubali kila siku."

Mimi ninayesimulia sitaki kukaa sana Belobaka, na Mariyama hakutaka hata kidogo. Lakini ilikuwa hivi. Mwisho wa mwaka wa sabini na sita alikuwa akiishi Mahajanga, mke wa Boinali, kuli wa bandarini, mtu wa Komoro. Ghasia zilipozuka na watu wa Komoro wakawa wanauawa mitaani, Boinali aliwatoa yeye na mtoto kwa njia ya nyuma, akawaambia watangulie Belobaka, nje ya mji, yeye anafuata. Mama mmoja wa bara, asiyewajua, aliwaficha katika ghala lake la mpunga. Siku ya tatu aliwaletea wali na chungu cha mchuzi. Mariyama alipokifunua kile chungu aliona ngozi nyeusi, laini, bila gamba moja. Alijua. Akamwambia mtoto ni kuku, wakala. Boinali hakufika siku hiyo wala siku yoyote.

Walipohamia Nosy Be, Mariyama aliketi kwenye sinia ya Koko Rahamatou, akatia mkono, na hakusema. Kinyaa chake maarufu kilianza wiki hiyo. Waliosema kazaliwa nacho hawakuwa wamemjua msichana Mariyama, aliyekuwa akila maembe ya watu bila kuyaosha.

"Fahardine amedanganya mara moja," alisema Faouzia. "Jumapili moja. Sisi tuna miaka tisa."

Mariyama aliendelea kusugua sahani iliyokwisha kutakata. Aliona karaha, na safari hii haikuwa ya chura wala ya kopo. Harufu yake mwenyewe ndiyo iliyomchefua, ile ya samaki wa sokoni aliyezoea kuiita safi. Usiku ule hakula.

Siku ya Jumatatu alimtumia Athoumani ujumbe kwamba kijana akikubali kukiri, mkeka utatandikwa. Ijumaa, baada ya sala, mkeka ulitandikwa katika ua wa Koko Rahamatou, na bakuli la maji likawekwa na mfuniko wake. Walikuwepo Fundi Mchangama, Athoumani, na majirani wawili ambao hawakualikwa. Fahardine aliketi mkekani bila viatu, masikio yamemwiva kwa haya.

"Nilikula," alisema. "Ini la nalimu. Si siku moja. Nilikana kwa sababu niliogopa kumkosa Faouzia."

"Ulikula kwa njaa, au kwa hamu?" aliuliza Koko.

Kijana alimtazama Mariyama, akainamisha kichwa. "Kwa hamu, Koko. Kila walipokwenda mtoni niliwaomba waende na mimi."

Majirani wakacheka. Fundi Mchangama naye alicheka, ingawa alijifanya anakohoa. Koko akatangaza siku arobaini, harusi baadaye, na sahani ya Fahardine ikaletwa, sahani ya bati yenye ua jekundu, akawekewa kando. Faouzia alikuwa anajizuia kutabasamu. Ilikuwa imekwisha, na kila mtu alianza kukunja miguu ili ainuke.

Mariyama akavua kandambili zake, akaenda kuketi mkekani.

"Wewe nawe unataka nini hapo?" aliuliza Koko.

"Mkunga," alisema Mariyama. "Belobaka, mwaka wa sabini na sita."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa mwaka ule. Wale majirani wakatazama chini. Koko Rahamatou alimtazama mpwa wake, uso wake ukalegea kwa huruma. Hakuuliza swali. Alifunua bakuli, akachovya vidole, akanyoosha mkono amnyunyizie.

Mariyama aliushika ule mkono kabla ya tone la kwanza.

"Niulize kama ulivyomuuliza yeye."

"Mwanangu, hilo halina haja."

"Niulize, Koko."

Bibi akaurudisha mkono. "Ulikula kwa njaa, au kwa hamu?"

"Kipande cha kwanza kwa njaa," alisema Mariyama. Sauti yake ilikuwa ile ile ya sokoni, ya kutaja bei. "Kilikuwa na mafuta, kilikuwa laini, sijapata kula kitu kitamu kama kile. Yule mama akaniuliza aniongeze. Nilikwisha kushiba. Boinali alikuwa hajafika, na pengine saa ile ndiyo waliyokuwa wanamuua, na mimi nikamnyooshea sahani."

Koko Rahamatou akalifunika bakuli. Faouzia akainuka bila kuambiwa, akaingia jikoni kutafuta sahani ya pili.