Kimya Changu Kilipata Sifuri

Kompyuta ilisema sina huruma. Daktari Nestory, aliyerudi na masomo yake ya Ulaya mwaka tisini na saba, alinisomea matokeo hayo ofisini kwetu Mabatini, Mwanza, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari.

"Washauri waliopata chini ya nusu ya alama hawataendelea, dada Rebeka. Ndivyo walivyoamua wafadhili."

Nilikuwa mshauri wa wagonjwa wa ukimwi. Kazi yangu ilikuwa kukaa na mtu aliyetoka kupewa majibu, na niliipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Mazungumzo yetu yalirekodiwa kwenye kanda, wagonjwa wakiridhia, yakachapwa, hata penye kimya pakiandikwa, na kuingizwa kwenye kompyuta ili ipime nani anaguswa na uchungu wa mwenzake. Tuliicheka sana mashine ile, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

"Imejuaje kama sina?" nilimuuliza.

"Inajifunza kwa mifano. Tuliipa kanda za mwaka jana, zako zikiwemo, mtu akaweka alama: hapa mshauri ameguswa, hapa hakuguswa. Yenyewe inafuatisha tu. Ukisema 'Pole sana, naelewa unavyojisikia', inakupa alama. Wewe unanyamaza mno, na mwalimu wake kila penye kimya kirefu aliweka sifuri."

"Mwalimu gani?"

"Gladness."

Gladness tulianza kazi pamoja. Alipomzika mwanawe kule Buhongwa, watu walimjia na maneno yao, Mungu amempenda zaidi, utapata mwingine, mpaka akaziba masikio. Mimi nilikaa naye mkekani bila kusema kitu. Kwetu ndivyo tulivyolelewa: ukifika kwa mfiwa unakaa, unasubiri aanze yeye. Baadaye aliniambia kimya kile ndicho kilichomrudishia pumzi. Kama kuna mtu Mwanza nzima aliyejua maana ya kimya changu, ni yeye.

Nilimkuta chumba cha pili, mbele ya hiyo kompyuta yake.

"Ulijua ni kanda zangu?"

"Sauti yako naijua, Rebeka."

"Na ukaweka sifuri."

"Kwenye semina walisema mshauri mzuri anajibu. Ningeweka tofauti wangeniona sijui kazi, wakamchukua mwingine." Sauti ilimkatika. "Nilidhani ni majaribio tu."

Akaanza kulia, kichwa mezani. Kwa mguu akakisogeza kiti cha pembeni yake, akiningoja nikae kama nilivyokaa Buhongwa. Hasira ilinipanda. Nilikuwa bado nampenda, na hilo liliniuma kuliko kufukuzwa.

Sikukaa.

"Pole sana," nilimwambia. "Naelewa unavyojisikia."

Akainua uso kunitazama. Nikachukua mkoba wangu, nikaondoka.